Mikono ya Guiraud

Dada yangu Ermesinde,

Pokea salamu za ngome nzima ya Montbrac. Tumepona! Guiraud, aliyetuzingira tangu mavuno, amegombana na bwana wake na kuhamia upande wetu. Leo asubuhi alipiga magoti ukumbini, kichwa wazi, bila upanga, akaweka mikono yake ndani ya yangu, akaapa kunitumikia mimi, mtawala wake.

"Bwana, mbona unatetemeka? Si mimi niliyepiga magoti?" Guiraud akaniuliza.

Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka. Kisha nikambusu mdomoni, kama desturi inavyotaka, na malango yakafunguliwa. Watoto wanakula mkate mpya!

Mikono ile ndiyo iliyomuua mwanangu Odon, aliyependa kulala katikati ya mbwa wangu. Niliishika taratibu, dada. Ningeikaza kidogo tu, vita vingerudi.

Tuombee.

Kaka yako,
Aimeric