Mchi kwa Mkono wa Kushoto

Mangobo, Kisangani

Marceline, mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Kabla ya yote pokea mikono yangu, yote miwili. Mgongo wako unaendeleaje? Na kifua cha Papa Boniface, bado anakohoa na kukataa dawa? Mwambie shemeji yake amesema kikohozi si urithi wa kukumbatia. Mto umerudi mahali pake ama bado unalamba shamba la mihogo? Nijibu moja moja, usiseme "tuko salama" halafu unyamaze. Mimi huku nakula, nalala, nagombana na watu, kwa hiyo niko mzima.

Anayeandika ni binti yangu Antoinette. Maneno ni yangu. Kuna mahali atakunja uso, lakini nimemwambia aandike hivyo hivyo.

Neno la kaka yetu Dieudonné limenifikia. Alimpigia Antoinette simu akasema, "Mama yako, yaya wangu, abaki mjini. Huku nani atamuinua? Ile nyumba yake, mutoto wangu ataingia na muke wake." Hakuomba hata kunisalimia. Aliongea kama mtu aliyetoka kunizika, imebaki kugawana sufuria. Ndiyo sababu ya barua hii.

Ni kweli, nilipopandishwa kwenye boti ya baleinière kuja huku nilikuwa gunia. Damu ilikuwa imepanda ikanipiga upande mzima wa kushoto. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifunga kikwembe asubuhi ile. Hospitali waliituliza damu, lakini mkono ukabaki unaning'inia kama samaki aliyesahauliwa juani. Munganga wa viungo, kijana mpole, akaniambia, "Mama, dawa ni nusu. Nusu ingine ni sport, kila siku. Mukono usipofanya kazi, utasahau kazi."

Bon, nikafanya sport. Alinipa mpira mdogo wa kufinya. Nilifinya, nilifinya, hautoi maji, hautoi mafuta. Nikausukuma chini ya kitanda. Halafu mama wa kanisani wakanichukua kutembea nao alfajiri kuzunguka kiwanja cha mpira. Wao wamevaa suruali, mimi na kikwembe changu na fimbo. Tukazunguka, tukapita golini, tukazunguka tena, goli ni lile lile.

"Tunaenda wapi?" nikauliza.

"Hatuendi fasi yoyote, mama. Tunafanya sport."

Marceline, tangu nizaliwe sijawahi kutembea bila kwenda mahali. Nikienda shambani narudi na mihogo, nikienda mtoni narudi na maji. Pale nilirudi na njaa. Nikajikaza kidogo, kisha asubuhi moja nikasema kichwa kinauma, nyingine nikasema naona mawingu. Mkono ukaanza kulala tena. Hapo niliogopa, kwa sababu nilijua siku Dieudonné atakaposema nisirudi, atakuwa na haki.

Nyuma ya ua wetu anakaa mjane anayeitwa Mama Alphonsine, mtu wa wale wavuvi wa maporomoko. Anatwanga pondu na kuiuza sokoni. Siku hizi watu wa mjini wanapeleka majani ya mihogo kwenye mashine, lakini wateja wake wanasema pondu ya mashine inakuwa uji. Kila siku namsikia: tu, tu, tu. Mchi mmoja. Mlio ule uliniudhi. Kwetu Yanonge kinu ni cha watu wawili, wa kwangu ukishuka wako unapanda. Mchi mmoja ni kama mtu anayeongea peke yake. Basi siku moja nilichukua fimbo yangu, nikaingia uani kwake, nikakuta mchi mwingine umeegemea ukuta, nikaushika. Sikuomba ruhusa.

Nilipiga kwa mkono wa kulia, wa kushoto ulikuwa umeshikilia kwa jina tu. Mara mchi ukaponyoka, ukapiga mdomo wa kinu, kinu kikalala, pondu yote mchangani.

Mama Alphonsine aliiangalia pondu, akaniangalia na mimi.

"Nyinyi watu wa Yanonge, kwenu munakulaka muchanga?"

"Kwetu tunakula samaki wanaowaponyoka nyinyi hapa juu ya mto," nikamjibu.

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema, "Kesho kuja na majani yako. Ya kwangu umeshaua."

Nilikwenda na majani yangu. Akanitolea mchi mfupi, ule wa kufundishia wasichana. Moyoni nilitukanika, lakini nikaushika. Na nakwambia, mdogo wangu, hapo ndipo nilipopata sport yangu. Kutembea kulikuwa kunaniuliza kila asubuhi, "Unataka?" na mimi nilikuwa nayo majibu. Kinu hakiulizi. Mchi wa mwenzako uko juu, unasubiri wa kwako ushuke, utaanzaje kusema kichwa kinauma? Nikichelewa kufika, Mama Alphonsine anapiga bati la uzio na kuita, "Yanonge, umekufa?" Tukianza, anasema maneno ya majirani wote, na mimi nasema ya kwetu, na jasho linatoka bila mimi kulitafuta.

Antoinette alikasirika. "Mama, munganga alisema sport, hakusema kazi. Watu wa avenue watasema nimekuleta mujini uwe mutumishi." Nikamwambia, watu wa avenue si wao waliokuzaa. Akanifuata hadi kwa munganga kunishitaki. Munganga akaniambia ninyanyue mkono. Ukapita bega. Akanipa kikombe cha maji nikishike kwa kushoto, nikanywa, nikamrudishia. Antoinette akageuka kutazama dirisha. Sasa hivi amesimamisha kalamu. Andika, mtoto.

Munganga alisema niendelee, ila nisiache vidonge, nipunguze chumvi, na kichwa kikizunguka nikae. Nakaa. Sitakudanganya, mguu bado unaburuta na fundo la kikwembe bado linanishinda. Lakini mchi mfupi nimekwisha kuurudisha kwa mwenyewe, nashika ule wa watu wazima.

Kwa hiyo narudi. Baleinière ya kwanza baada ya Pasaka, mimi niko ndani yake. Antoinette ameniuliza, "Na huko utatwanga na nani?" kwa sababu anajua peke yangu nitaacha. Nimemwambia, na mdogo wangu. Najua utasema mgongo. Na wa kwangu je, ni wa mtu mwingine? Tutaanza polepole, kila asubuhi, na siku utakayojificha nitakupigia mlango mpaka Boniface atoke.

Nisalimie Boniface. Nisalimie katekista wetu aliyeniombea, na mke wa Dieudonné ambaye hana kosa lolote, na mama mkwe wa binti yako, yule mwenye mdomo kama wangu. Mtoto wa Dieudonné na mke wake nawapenda, watajengewa na baba yao.

Na Dieudonné mwenyewe mwambie asije ufukweni kunibeba. Aje na ufunguo wa nyumba yangu.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Véronique