Moyo wa Mkwe Wetu

Kambarage, Shinyanga
Ijumaa, mchana

Mama yangu mpendwa,

Naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, salamu zitafuata. Usinione nimekosa adabu. Najijua: nikianza na salamu nitasalimia mpaka karatasi iishe, na jambo lenyewe libaki tumboni. Jambo ni hili. Mgonjwa akiwa mwanamume mtu mzima, simwangalii. Namfunga nyaya za mashine huku nimegeuza uso, au nimefumba macho kabisa, napapasa kwa vidole. Daktari hajui. Walimu wangu wa kwenye kompyuta ndio hawawezi kujua, wao hata uso wangu hawajauona.

Sasa shikamoo mama. Hujambo? Goti limepoa, au bado linakusumbua ukiinuka? Na baba, kikohozi chake kimekwisha? Mvua zimefika Ushirombo? Hapa ni vumbi tupu, ukifua nguo nyeupe unaianua nyekundu. Mimi ni mzima, nakula vizuri. Bibi Zarina, mama yake daktari ninayekaa kwao, hanyanyui sahani yangu mpaka aone imebaki tupu. Nimeandika herufi kubwa, kama zile za ubaoni kwenye darasa lenu la watu wazima, ili usome mwenyewe polepole. Tafadhali usimpe Masanja akusomee. Mdogo wangu nampenda, ila mdomo wake hauna mlango.

Nilipokuaga pale stendi nilikwambia nakwenda kujifunza kupima moyo, ukanijibu, "Haya, unesi ni kazi nzuri." Sikukusahihisha, niliona haya mbele za watu. Si unesi, mama. Kuna mashine, kaka yake daktari aliyeko ng'ambo ndiye aliyeileta. Mgonjwa analala chali, ninambana vibanio vyenye nyaya mikononi na miguuni, kifuani namwekea vikombe vidogo vya mpira vinavyonyonya ngozi. Mashine inachora mapigo ya moyo kwenye karatasi ndefu, kama vilima vidogo vidogo vinavyofuatana. Sitibu mtu. Kazi yangu ni mchoro utoke sahihi, daktari ndiye anayeusoma.

Masomo yenyewe yanakuja kwa kompyuta, kutoka chuo cha hukohuko ng'ambo, kwa Kiingereza. Kompyuta iko stoo, nyuma ya duka lao la vifaa vya ujenzi, katikati ya misumari na mabati. Inaungwa kwenye waya wa simu, inalia kama kuku aliyekabwa, halafu somo linaingia taratibu. Mtu akinyanyua simu dukani, limekatika, naanza upya. Karani wa duka ananitania kila siku. "Soma haraka wewe, mwaka elfu mbili ukiingia kompyuta zote zinazimika, utabaki unapima mioyo kwa sikio." Nacheka, lakini naharakisha kusoma. Mimi siku hizi kila kitu kinanitia hofu.

Sasa sikiliza. Jumanne nilikuwa chumba cha kipimo nikasikia sauti mlangoni, nikatamani ardhi ipasuke nizame. Mzee Luhende. Baba mkwe wa dada Kabula! Amekuja kwa mwanawe anayekaa hapa Kambarage, kwa sababu akitembea kidogo tu pumzi inamkata. Nilipiga magoti, nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu. Kumbe ni wewe, mdogo wake Kabula! Ndiyo utanipima wewe?"

"Ndiyo, baba."

"Na hivi vinyuzi ndivyo vinausikia moyo?"

"Ndiyo, baba."

Akamgeukia mwanawe. "Mimi ujanani nimeshuka duarani kule Geita kuchimba dhahabu, kamba moja kiunoni, shimo halina mwisho, kokoto zinanimwagikia kichwani, wala sikutetemeka. Leo nalazwa chini na vinyuzi vya katoto."

"Vua shati, mzee, acha maneno," mwanawe akamwambia, wakacheka wote wawili.

Akavua shati. Nami nikakukumbuka wewe, mama. Siku dada alipochukuliwa ulinikalisha jikoni, ukaniambia mkwe wa dada yangu ni mkwe wangu. Akipita, nipishe njia. Akila, nitoke. Mwili wake si wa macho yangu. Nilikuwa mdogo, lakini maneno yale yaliniingia kuliko hesabu za shuleni.

Nikueleze nilivyokosea, si vigumu kuelewa. Siku zote nasimama upande wa miguu ya mgonjwa, tunatazamana. Kwa hiyo waya wa mkono wake wa kulia unakwenda upande wa kushoto kwangu. Vidole vimeshazoea, havisubiri kuambiwa. Kwa Mzee Luhende nilizunguka nikasimama upande wa kichwa, ili macho yangu yaangukie ukutani. Vikombe vya kifuani nilivipatia, nilihesabu mbavu zake kwa kupapasa kama kipofu. Lakini kwenye mikono vidole vikafuata mazoea yao, waya wa kulia nikaupeleka kushoto kwangu. Na mimi nilikuwa nimegeuka, mama. Kushoto kwangu ndiko kulikuwa kushoto kwake.

Daktari alikuwa na foleni mpaka barazani. Akaushika mchoro, akautazama. Halafu akavua miwani.

"Mzee, hapa moyo unaonyesha kama uliwahi kuumia upande mmoja. Itabidi uende Mwanza, hospitali kubwa, wakuangalie vizuri."

"Nitakufa?"

"Sijasema hivyo, mzee wangu."

"Hujasema. Lakini umevua miwani."

Hakutania tena. Alifunga vifungo vya shati kimoja kimoja, akanishukuru, "wabeja, mayu," akatoka huku mwanawe amemshika mkono, ilhali aliingia akitembea mwenyewe. Jioni ile ile akatuma watu. Wanawe walioko machimboni waje, na wa nyumbani waje, anataka kuwagawia ng'ombe akiwa bado na akili zake, wasije wakagombana juu ya kaburi. Wanakutana leo baada ya alasiri. Kesho alfajiri anapanda basi la Mwanza. Najua na dada Kabula amepelekewa habari. Kama amepita hapo nyumbani analia, basi machozi yale yametoka kwenye mikono yangu hii.

Maana jana asubuhi liliingia somo jipya. Lilihusu makosa ya sisi tunaopima. Nikakuta mchoro, mama, kama wa mzee, pacha wake. Mstari wa kwanza umepinduka, vilima vimekuwa mabonde, lakini mistari ya kifuani mizuri, haina neno. Chini wameandika kwamba ukiona hivi, kwanza angalia kama nyaya za mikono hazikubadilishana. Nilisoma kwa Kiingereza. Nikajitafsiria kwa Kiswahili. Nikajitafsiria kwa Kisukuma, nikitumaini huenda katika lugha moja maneno yale yatanihurumia. Hayakunihurumia.

Nilikwenda moja kwa moja kwa daktari. Nilifika mpaka mezani kwake.

"Daktari."

"Enhe, Minza?"

"Chai iko tayari."

Akanywa chai. Mimi nikaenda kulia chooni.

Leo asubuhi yule mtoto wa mzee amekuja kuchukua barua ya kwenda nayo Mwanza. Mimi ndiye niliyemkabidhi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Ahsante sana shemeji, Mungu akuzidishie. Bila wewe tusingejua, mzee angetuangukia shambani." Nilitabasamu. Nilitabasamu, mama, unaweza kuamini?

Naogopa daktari ataniondoa. Alimwandikia kaka yake kwamba amempata binti mtulivu asiyekurupuka, na nafasi hii ikipotea najua hakuna nyingine kama hii kwa mtu wa kwetu. Naogopa pia kuulizwa kwa nini. Nikisema sikumwangalia kwa kuwa ni mkwe, watacheka mpaka dukani, na karani atapata la kunitania mpaka nizeeke. Lakini hofu kubwa si hizo. Kubwa ni kwamba sijui kama mzee ni mzima. Pumzi inamkata kweli, niliisikia mwenyewe nikihesabu mbavu zake. Nikienda mbio kwao nikasema nilikosea, watashangilia, watachinja, basi la Mwanza litaondoka bila yeye. Halafu kama moyo kweli ni mbovu? Nitakuwa nimemuua kwa habari njema. Na nikinyamaza, anakwenda hospitali kubwa na mchoro wa uongo, wampe dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Mchoro ule hausemi mzee mzima wala mzee mgonjwa. Unasema tu kwamba mimi nilikuwa naangalia ukuta.

Lazima apimwe tena, leo, kabla hajafungua mdomo kutaja ng'ombe wa nani ni yupi. Ng'ombe akishatajwa mbele ya ukoo harudi zizini kwa urahisi, wewe unajua zaidi yangu. Na lazima mtu asimame upande wa miguu, amtazame mzee usoni na kifuani, aweke waya mahali pake. Daktari anaweza kufanya mwenyewe. Lakini nitaomba nifanye mimi. Nisipofanya mimi, kesho atakuja baba mwingine, nitafumba macho tena.

Nimejiuliza ungeniambia nini. Naona adabu uliyonifundisha ni ya njiani na ya kwenye chakula, na labda hukuwahi kufikiri siku moja mwanao atamkuta mkwe kitandani. Labda pale kumtazama sawasawa ndiyo heshima yenyewe. Au labda najitafutia ruhusa tu. Nijibu, lakini najua hata ningempa barua hii kondakta wa basi sasa hivi, jibu lako lingenikuta nimeshatenda. Kama ni kosa, nikemee nikija likizo, nitakaa chini nisikilize.

Nisalimie sana baba, mwambie asilale nje na kikohozi hicho. Shikamoo nyingi kwa bibi mzaa baba. Msalimie shangazi Nkwimba wa vitumbua pale sokoni, na katekista aliyenisukuma nikasome somo kanisani siku ile nilipopotewa na sauti. Masanja mwambie kalamu yake nimeiona, nitamletea. Na dada Kabula, ukimwona, mwambie asianze kunyoa nywele za msiba. Usimweleze zaidi. Mwambie asubiri, mdogo wake amesema asubiri.

Naandikia hapahapa chumba cha kipimo, ukingoni mwa meza ya mashine. Kila hatua zikipita kwenye ukumbi nimekuwa nikifunika karatasi kwa shuka la kitanda. Amepita mfagiaji, nikafunika. Amepita Bibi Zarina na kopo la maji, nikafunika, akaniuliza mbona jasho linanitoka, nikamwambia joto.

Sasa nasikia viatu vya daktari, ametoka msikitini. Anaita, "Minza! Uko wapi, Minza?" Mkono umeshakamata shuka, mama. Nimeuachia. Karatasi iko wazi, maneno yameangalia juu. Akiingia nitasimama nimwambie, na nikipotewa na sauti nitamsogezea aisome, tangu ule mstari wa kwanza.

Ameshafika mlangoni.

Binti yako,
Minza