Kifuko Chekundu Juu ya Karai la Maandazi

Alhamisi, Handeni. Joto kali, upepo wa vumbi, na moyo wangu, ambao asubuhi ulikuwa ukicheza ngoma, jioni hii umekaa kimya ukijitafakari.

Nieleze kwa utaratibu, kama ambavyo ningeeleza mbele ya mkutano.

Nilichukua kunde za kawaida, zile zinazouzwa sokoni hapa, nikazichavusha kwa chavua ya kunde mwitu niliyoikuta ikitambaa kando ya njia kule Magoma. Kunde mwitu haina sifa njema. Punje zake ni ndogo, ngumu kama changarawe, na ganda likikauka hupasuka na kuzitapanya mbegu hovyo. Lakini fukusi, anayekula akiba ya wakulima wetu ghalani, haigusi. Natafuta mjukuu wa ndoa hiyo aliyerithi kinga dhidi ya fukusi bila kurithi ile tabia ya kutapanya.

Kikwazo ni kwamba vinasaba vya tabia hizo mbili vimekaa jirani mno kwenye kromosomu moja. Ukirithi kimoja, cha pili hukufuata. Ndiyo maana tunachora ramani: tujue nani amekaa karibu na nani, na majirani hao huachana kwa nadra kiasi gani.

Leo asubuhi majibu ya maabara yamefika. Katika shamba zima, mche mmoja tu ndio ambamo majirani hao wameachana.

Mmoja.

Nilikwenda shambani nusu nikitembea, nusu nikikimbia. Mche upo. Kifuko cha mbegu zake hakipo.

Hapa sina budi kukiri jambo. Kwa kuwa maganda yale hupasuka, niliyavalisha vifuko vya kitambaa chepesi, kila mche na namba yake. Fundi wangu wa cherehani kule Masuguru alikuwa amebakiwa na kitambaa chekundu na kamba nyeusi, nami nikaridhia, kwani akili yangu ilikuwa kwenye hewa na mwanga, si kwenye macho ya watu. Mzaliwa wa mkoa huu alipaswa kujua kwamba shamba lililojaa vifuko vyekundu vilivyofungwa kamba nyeusi, linalozungukwa alfajiri na mwanamke anayenong'ona namba, haliitwi shamba la utafiti.

Kwa majuma kadhaa nimekuwa nikisalimiwa kwa heshima iliyozidi umri wangu. Nilidhani ni kwa sababu ya shahada.

Nilikwenda kunywa chai kwa Mama Mwanahamisi, muuza maandazi wa karibu na stendi. Nikainua macho. Juu ya karai la mafuta yanayochemka, kwenye msumari, kilining'inia kifuko changu, na namba yake kwa mwandiko wangu.

Joto huua mbegu. Sikuwa na muda wa adabu ndefu.

"Shikamoo mama. Kile kifuko ni changu."

"Marahaba mwanangu. Najua ni chako, ndiyo maana nimekichukua. Cha mtu mwingine ningekitakia nini?"

"Mama, zile ni mbegu za kunde tu."

"Na ziwe. Tangu nikitundike jana sijalala na andazi."

Waendesha bodaboda waliokuwa kwenye benchi walicheka. "Daktari, usimnyime bibi riziki, wewe una shamba zima!" alisema mmoja wao, Rajabu.

Nikasimama. Wanaonijua wanafahamu kwamba nikisimama sikai upesi. Nikawaeleza kromosomu ni nini. Nikawaambia kuna vinasaba vinavyoandamana kama mtu na shemeji yake mlevi: ukimwalika mmoja kwenye shughuli, wote wawili wamefika. Nikahitimisha kwamba ndani ya kifuko kile yumo, kwa nadra ya ajabu, yule aliyefika peke yake.

Wakatazamana, kisha wakakitazama kifuko. Nilijua nimeeleweka.

"Kwa hiyo," Rajabu akauliza taratibu, "ni dawa ya kuzuia shemeji?"

Mama Mwanahamisi akakifunika kifuko kwa kiganja. Mwingine akauliza kama kwangu vimebaki.

Mwishowe mama akanionea huruma. Akasema kitu cha namna hii hakibadilishwi kimya kimya: nimpe kingine kwa mkono wangu mwenyewe, mbele ya watu, na nikisemee maneno yake.

Mafuta yalikuwa yakichemka. Nikatoa mkobani kifuko cha mche wa kawaida, ambao mbegu zake ninazo tele, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Kisha, kwa sauti ile ninayoitumia kwenye semina, nikazitaja alama zote za kromosomu ile kwa mpangilio wa ramani yangu, ncha hadi ncha.

Benchi zima likaitika, "Amina."

Sijawahi kusikilizwa hivyo katika semina yoyote.

Kifuko nilichorudishiwa kilikuwa vuguvugu tu, kama mkono wa mtu; kumbe msumari ulikuwa upande wa upepo. Mbegu zote zimo, nzima, zinanukia iliki. Nimezikumbatia kama kichaa. Nimeapa pia kwamba vifuko vijavyo vitakuwa vya kaki, rangi ambayo hakuna aliyewahi kuitumainia kwa lolote.

Laiti siku ingeishia hapo. Alasiri nilipita tena stendi. Kibanda cha Mama Mwanahamisi kilifurika, karai lilikuwa tupu, na watu walikuwa bado wakiulizia. Mimi ni mwanasayansi; niliyoyaona nimeyaona. Nilijituliza kwa hoja moja ya haki, kwamba jaribio lolote halina maana pasipo kibanda kingine kisicho na kifuko, cha kulinganishia.

Nikiwa katika kujituliza huko, muuza chapati wa kibanda cha pili akanishika mkono. Mauzo yake yamelala, na asubuhi atakuja shambani kuchukua chake.

Je, nitamwambia kwa uso gani kwamba yeye, kwa heshima zote, ndiye wa kulinganishia?