Magunia Yasiyoandikwa Yanakokwenda

Sumbawanga, Jumatano, mwezi wa sita.

Upepo umevuma tangu alfajiri, nimefanya kazi nikiwa na koti. Baridi hii bado sijaizoea, ingawa huku juu nimeishi miaka mingi kuliko niliyoishi ziwani nilikozaliwa.

Kazi ni ile ile: maktaba ndogo ya programu inayowasaidia watu kuiuliza hifadhidata maswali bila kuandika amri ndefu. Wiki hii nashughulikia vichujio: sawa na, si sawa na, zaidi ya, kati ya. Nilidhani "si sawa na" nimeshaimaliza.

Asubuhi akaja Zuhura, jirani yangu mwenye malori, ambaye hupanga mizigo yake kwa maktaba hiyo.

"Shikamoo babu. Programu yako imemkataa Mama Anastazia."

Jana Zuhura alikuwa na malori mawili. Moja la kwenda Matai. Jingine lichukue mizigo yote isiyo ya Matai, hadi Kabwe, kule ziwani. Akachuja: mahali si sawa na Matai. Magunia ya ulezi ya Mama Anastazia hayakutokea kwenye orodha, na lori likaondoka bila hayo. Ni ulezi wa pombe ya kumaliza msiba wa mumewe. Ukichelewa zaidi, watu watakusanyika na mitungi mitupu.

Mahali hapakuandikwa. Wateja wa tangu enzi za baba yake Zuhura hawaulizwi. Kumuuliza Mama Anastazia mzigo unakwenda wapi ni kumwambia humfahamu. Nafasi ikabaki tupu.

Kwa hifadhidata, tupu maana yake haijulikani. Huwezi kusema ni sawa na Matai, wala kwamba si sawa. Kwa hiyo ukiuliza hivi mzigo hauji, ukiuliza vile hauji. Nimeifuata kanuni hiyo kwa uaminifu, na kimantiki haina kosa.

Ila mtu akisema "yote isipokuwa ya Matai", hatarajii gunia lililo mbele ya macho yake lipotee.

Mchana Zuhura aliyapeleka mwenyewe kwa pikapu. Jioni akapiga simu kutoka Kabwe: wapika pombe wameupokea ulezi.

"Mama Anastazia anauliza hiyo mashine ni ya mgeni gani."

"Mwambie ni ya mtu wa huko huko."

"Wa kijiji gani, babu?"

Kijiji chetu kilihamishwa nikiwa kijana, na jina lake halikuhama nasi.

Nimeamua. Kuanzia toleo lijalo, "si sawa na" italeta na nafasi tupu. Anayetaka zilizojazwa tu ataongeza kichujio cha "imejazwa". Walioizoea ile ya zamani watasumbuka. Nitawaeleza juu kabisa ya maelezo ya toleo, bila kuzunguka.

Kisha nikaibadilisha na kuijaribu. Kwenye data zangu za majaribio jina langu limo, na kijiji nilikiacha tupu tangu mwanzo. Nikauliza: ni nani ambaye kijiji chake si sawa na Sumbawanga?

Jana jibu lingekuja bila mimi. Leo nimo.