Mama Yako Anapiga Pasi Ngazi

Tarehe 6 Februari

Mwanangu,

Habari za huko. Mimi nipo. Kifua kinapiga kelele kidogo, mengine salama. Natumaini unakula.

Boksi lako limefika. Dereva wa basi alilileta mpaka kazini. Fundi ripu, yule anayesawazisha kuta, akadhani ni biskuti, akalifungua kabla yangu. Akakuta plasta. Akaniuliza, "Mzee, umeumia wapi?" Nikamwambia binti yangu ni nesi, anataka niache sigara kwa kubandika plasta. Akacheka mpaka akakaa juu ya mifuko ya saruji. Akasema basi nibandike mdomoni.

Karatasi ya ndani ina maandishi kama sisimizi, tena ya kigeni. Sikuisoma. Nimesoma yako. Bandika moja kila siku, usivute. Hiyo naielewa.

Nilikuahidi pale hospitali nikiwa nimelazwa, na daktari yupo anasema mapafu yangu hayataki mchezo tena. Sirudi nyuma. Ila nakuambia mapema, sijui kama nitaweza. Sigara si moshi tu. Tangu mama yako aondoke, ndiyo inayonisubiri jioni.

Umeuliza tena kile kitambaa chake cha kichwa. Kipo kwenye sanduku la bati. Nilikinusa juzi juzi, hakina harufu yake tena. Ni nguo tu sasa. Lakini hakitoki hapa.

Ukinijibu andika. Simu hapana. Nikisikia sauti yako maneno yananiishia.

Baba yako


Tarehe 20 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, miguu tu inavimba. Kifua kimepungua? Unalala vizuri?

Siku hizi nashinda kwenye ile nyumba niliyokusimulia, wanakolala watu wasio na pa kwenda. Utafiti wetu umeanza. Tuko manesi watatu. Tunakaa nao kitandani kwao, tunawauliza wanavuta vipi, wangependa kuacha au hawapendi, na wakijaribu nini kinawashinda. Watu wa nje wanadhani hawa hawajali. Wengi wanataka kuacha, Baba. Ila hakuna aliyewahi kuwauliza.

Kuna bibi mmoja tunamwita Malkia, maana akikaa pale kwenye kiti cha plastiki hata msimamizi wa nyumba anapita pembeni. Kuna swali letu moja, kwamba ukiamka unakaa muda gani kabla ya sigara ya kwanza. Nikamuuliza. Akaniambia, "Mjukuu wangu, mimi silali, sasa nitaamkaje?" Halafu akaniomba kiberiti. Lakini kumbe alikuwa ananisikiliza. Wiki hii ya tatu hajavuta. Na sasa kero yake ni mablanketi. Anasema yananuka. Amelala nayo miaka, hakuwahi kusikia chochote, leo amegombana na nyumba nzima anataka yafuliwe yote.

Na wewe unaendeleaje? Wale nawauliza kama nesi. Wewe nakuuliza kama mtoto wako.

Kuhusu kitambaa, nimekusikia. Nilitaka tu kuwa na kitu chake. Nilipoondoka kuja chuo sikuchukua chochote, nikijua nikirudi nitamkuta.

Binti yako


Tarehe 9 Machi

Mwanangu,

Salamu. Mimi mzima kuliko ulivyoniacha. Huo uvimbe wa miguu weka maji ya chumvi, hata kama wewe ndiye nesi.

Sijavuta. Tangu boksi lifike sijavuta hata moja.

Kazini kuna shida. Zamani nikisema naenda kuvuta, msimamizi anasema nenda. Sasa nikikaa ananiuliza, "Wewe huvuti, umekaa kufanya nini?" Asiyevuta hana mapumziko. Sijui nani alipanga hivyo. Nimeokota kijiti, nakiweka mdomoni, nakaa na wavutaji. Msimamizi anapita, anaona nina kitu mdomoni, anaridhika.

Plasta nabandika jioni nikishaoga, naamka nayo, naitoa ninapokwenda kazini. Mchana haikai. Siku ya kwanza nilibandika asubuhi, jasho na vumbi vikaibandua, ikaingia kwenye karai, ikaenda na zege. Sasa iko ndani ya nguzo ya ghorofa ya pili. Fundi ripu anasema hiyo nguzo haitavuta sigara maisha yake yote.

Sasa sikiliza. Mama yako anakuja.

Si ndoto kama za siku zote. Zile zilikuwa kama picha iliyolowa. Hii naona mpaka lile kovu la pasi kwenye kiganja, la tangu alipokuwa akiwapigia watu nguo pasi. Mara ya kwanza alikuwa kazini kwangu. Jengo limekwisha, lote jeupe, hakuna mtu. Yeye anapiga pasi ngazi. Ameanza ya chini, anapanda. Kila anapopita zege linalainika kama shuka, linanyooka, linatoa mvuke. Mimi niko nyuma yake na karai kichwani. Ndani si zege, ni maji, na hayamwagiki.

Siku nyingine alipiga pasi ziwa. Mawimbi yakalala yote. Akalikunja mara mbili, akaliweka kabatini kwetu, na kabati likafunga vizuri.

Naamka nimetulia. Sitaki sigara wala nini. Jioni nalala mapema kama kuku.

Ulitaka kujua naendeleaje. Ndiyo hivyo.

Baba yako


Tarehe 21 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Nimefurahi mpaka nikamsomea Malkia habari ya kijiti. Amekusalimia. Anasema wewe ni mjanja, na kama una ndugu ambaye hajaoa nimwambie.

Baba, kuna kitu nilipaswa kukueleza mapema, nikadhani karatasi itakueleza. Hizo ndoto zinatoka kwenye plasta. Ile dawa ya ndani yake ndiyo ile ile ya sigara, inaingia mwilini kidogo kidogo. Ukilala nayo, kichwa hakilali. Ndoto zinakuwa kali kama mchana. Hata huku wanalalamika. Mmoja ameng'oa ya kwake, anasema chumba kilijaa watu aliowazika, akakosa pa kulala.

Ukiona hivyo, inatakiwa ubandike asubuhi, na kabla ya kulala uitoe. Kama kwa jasho haikai, bandika sehemu ya juu ya mkono, kwa ndani, pakavu, ubonyeze na kiganja mpaka ishike.

Halafu nakutumia nyingine, hizi ni ndogo. Tunashuka taratibu, mpaka siku moja unaacha kabisa. Plasta nayo ina mwisho.

Najua ninachokuomba. Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana. Sitaki kukunyang'anya mama. Nataka nisije nikabaki bila nyinyi wote wawili.

Binti yako


Tarehe 2 Aprili

Salamu.

Nimesoma barua yako. Unasema mama yako ni dawa. Sawa. Wewe nesi, mimi mbeba zege.

Ila wewe hukumwona.

Zile ndogo nimebandika. Sasa anakuja kwa mbali, nyuma ya shuka zilizoanikwa. Naona miguu tu. Nikivuta shuka kuna shuka nyingine.

Usiku sitoi. Usiniandikie tena jambo hilo.

Baba


Tarehe 19 Aprili

Baba,

Shikamoo. Fundi ripu amenipigia. Anasema ulikwenda kazini huna rangi, ukaanguka kwenye ngazi na karai, ukatapika, moyo unakwenda kama unakimbizwa. Anasema walipokuvua shati walikuta plasta tatu mgongoni.

Tatu, Baba.

Nimeomba ruhusa, wamesema mpaka mwezi uishe. Nimezungumza na nesi wa zahanati ya hapo kwenu, atakuja kukupima. Mfungulie. Usimwambie umelala.

Zitoe zote. Huo moyo unaouchezea sina mwingine.

Sikugombezi. Nakuuliza kitu kimoja tu, na si cha utafiti. Tangu tumzike sijawahi kumwota. Hata mara moja. Nimemtafuta usiku mpaka nimechoka. Wewe anakuja. Anasema nini? Akija, anakuambia nini?

Binti yako


Tarehe 10 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Sijapata barua. Nesi wa zahanati anasema moyo umetulia na ulimfungulia, ila hukumkaribisha kiti. Fundi ripu anasema umerudi kazini na umenuna.

Kama umerudia sigara niambie tu. Malkia alirudia siku mbili, akaja mwenyewe kuniambia, akaacha upya. Kurudia si kushindwa, huwa tunaanza tena pale pale. Ukinyamaza ndipo naogopa.

Ruhusa yangu imesogezwa mbele tena. Niandikie hata mstari mmoja.

Binti yako


Tarehe 3 Juni

Mwanangu,

Habari yako. Mimi mzima. Nesi wako mwambie siku nyingine akija nitampa kiti na chai.

Sikuandika kwa sababu sikuwa na cha kuandika. Plasta nilizitoa zote siku ile ile nilipoanguka. Zilizobaki amezichukua fundi ripu, naye anaacha sigara. Usicheke. Anabandika asubuhi, anatoa usiku. Nimemsomea barua yako yote, na akiisahau namsomea tena.

Mimi nikalala, nikaamka. Katikati hakuna mtu. Siku zote hizo. Nilikuwa kama nimemzika mara ya pili, na safari hii hakuna aliyekuja kunipa pole.

Siku moja nilinunua sigara. Nikaishika. Nikaona hata nikiivuta hatakuja. Nikampa mlinzi.

Juzi mvua ikanyesha. Tukakimbilia ndani ya jengo, tukakaa kwenye ngazi, mimi na wavutaji, kijiti mdomoni. Nikasikia harufu. Nikageuka huku na huku. Kumbe ni saruji mbichi. Nimebeba saruji tangu hujazaliwa, sikuwahi kujua kama inanukia. Halafu mbao zilizolowa. Halafu soksi za fundi ripu. Nikamwambia. Akasema, "Mzee, nimevaa hizi hizi miaka yote tumekaa wote, leo ndiyo zimekuwa mbaya?"

Hapo nikamkumbuka yule bibi yako wa mablanketi.

Nikaweka karai chini. Nikatoka na mvua ile ile. Msimamizi akaniita, sikugeuka.

Nilifika nikafunga mlango. Nikafunga na dirisha. Nikajifuta mikono vizuri. Nikafungua sanduku, nikatoa kitambaa, nikakiweka usoni.

Mwanangu, yupo.

Wanga. Pasi ya moto. Mafuta yake ya nywele yale ya kopo la kijani. Na kwenye ncha moja, ile aliyokuwa akijifutia jasho akipiga pasi shuka za watu, hapo ni yeye mwenyewe. Hakutoka. Pua yangu ndiyo iliyokuwa imekufa. Miaka yote hii nilikuwa naye chumba kimoja, namwambia kila mtu hayupo.

Nilikaa nacho mpaka mvua ikakatika. Sikukinusa moja kwa moja. Nanusa kidogo, nakikunja, nangoja. Niliogopa nisije nikakimaliza.

Uliuliza anasema nini. Hasemi. Anapiga pasi tu. Ila akimaliza ngazi moja ananyoosha mkono nyuma, bila kugeuka, anatikisa vidole. Sikujua anataka nini. Mimi nina karai. Nilimpa karai, hakulipokea.

Juzi ndiyo nikakumbuka. Wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa unakaa nyuma yake kwenye kapu la nguo. Akimaliza moja ananyoosha mkono hivyo hivyo, wewe unampa nyingine. Hakuwa anageuka kwa sababu alijua upo.

Hukumwota kwa sababu huvuti sigara, hukubandika plasta, basi. Ndiyo akili yangu inavyoniambia. Lakini aliyekuwa anaitwa kwenye zile ndoto zangu si mimi.

Kitambaa nimekikata katikati kwa mkasi wake. Nusu ni hii, iko ndani ya bahasha kubwa. Nimeifunga kwa nailoni mbili, midomo ya nailoni nimeiyeyusha kwa mshumaa ili hewa isipite. Ile ncha ya jasho nimekuwekea wewe. Mimi wanga na pasi vinanitosha.

Ukifika chumbani funga dirisha kwanza ndipo ufungue. Kaa chini. Nusa kidogo, funga.

Usimpe mtu anuse. Malkia mpe salamu tu.

Usikifue.

Baba yako