Tope Juu ya Nta

Gisenyi, 1998

Dada Verediane uliye Kigali,

Mama hajambo, na dagaa wa ziwani wamejaa sokoni. Mimi ndiye ninayechemka kwa hasira. Juzi, kwenye kazi yangu ya kuosha magari, nililisugua gari la mzee Anastase, mfanyabiashara wa Mahoko, nikalipaka nta mpaka likawa kama kioo. Akanisifu, kisha akachota tope akalipaka lote!

“Mzee, unanitukana?”

“We, njia ya Ruhengeri iko na watu wa kuvizia. Gari ya kung'aa wanazani ni ya mukubwa, wanapiga masasi ya bunduki.”

Sasa kila mteja anataka ndani kung'ae, nje tope. Nalipaka mwenyewe, nimenuna, lakini kwa ustadi. Wanaorudi salama hurudi kwangu.

Ukija huku kwa harusi ya nyumbani, utapita njia hiyo hiyo; usipande gari safi.

Mdogo wako,
Régis