Mjomba, Nimekuchonga Mbele ya Mwanamke

Mjomba,

Shikamoo. Najua marahaba yako siisikii tena, lakini kuanza barua bila kukuamkia ningeona aibu.

Nina kosa, na bora ulisikie kwangu mwenyewe. Nimechonga uso wako hapa Temeke, uani, mchana kweupe, na mwanamke amekaa mbele yangu. Usinikasirikie bado. Nisikilize kwanza.

Tangu nivuke Ruvuma nikakuacha huko kwa Mreno, kazi yangu imekuwa kuchonga sura za watu. Nyumbani sikuwahi kuwatazama watu hivi, niliwazoea. Huku ugenini kila uso ni mpya, basi nautazama mara mbili. Bi Mwajuma wa jirani, muuza vitumbua, ana mashavu yale! Makarani wakipita na baiskeli asubuhi, mkono unaniwasha.

Lakini sheria yako niliishika. Uliniambia, "Uso wa mtu huchongwa porini, mwanamke asione." Najua ulisema habari ya vinyago vya ngoma, ambavyo wanawake huambiwa kuwa ni wafu waliorudi. Mie nikaitia sheria hiyo kwenye kila gogo. Nawatazama watu barazani, halafu nakimbilia nyuma ya mikorosho kuchonga. Bi Mwajuma alidhani naiba kuku.

Kisha akaja Rozina, binti yako, na habari kwamba umeshazikwa, miezi miwili sasa. Miwili, Mjomba! Nililia kama mtoto. Nikachukua mpingo, nikaenda mikoroshoni kukuchonga. Sikuweza. Pua ilikuja, masikio yakaja, mdomo ukakataa. Miaka tisa tu, na mdomo ulionifundisha kazi siukumbuki! Magogo matatu niliyatupa. Niliogopa, haki ya Mungu, maana picha hukuacha, na mie nilikuwa nakupoteza mara ya pili.

Asubuhi moja Rozina alikuwa anapepeta mchele uani. Akakunja mdomo apulize pumba. Mjomba, ulikuwa wewe! Hivyo hivyo ulivyokuwa ukipuliza vumbi la mbao. Nikijua kabisa kwamba nikienda porini nitausahau njiani, nikasimama pale na tezo mkononi. Nikamwambia, "Dada, kaa hapo hapo." Nikaanza kuchonga.

Siku ya tatu akaja kusimama nyuma yangu, akatazama weee, akasema, "Mdomo ndio wa Baba. Nyusi umezidisha." Nikamwuliza kama haogopi kuona. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Nyie wanaume!" akasema. "Baba alikuwa akirudi porini na chembe za mbao kichwani. Mama anamwahi mlangoni, anazitoa moja moja, majirani wasije wakaona. Siku ya ngoma kinyago kikitokea, Mama ananinong'oneza, 'Hicho cha baba yako, tazama masikio.' Halafu tunapiga mayowe na kukimbia kama wenzetu."

Umesikia hayo? Maisha yako yote ulikuwa unamficha mkeo, kumbe yeye ndiye aliyekuwa anakufichia. Nilicheka na mie, kisha machozi yakanitoka. Sijui kama ulijua. Pengine pale mlangoni ulikuwa unainamisha kichwa makusudi, akufikie vizuri. Napenda kuamini hivyo.

Nyusi nimezipunguza. Rozina amekuweka karibu na dirisha, na kila anayeingia anaambiwa wewe ni nani. Sasa nachonga uani, na Bi Mwajuma anakuja kunikosoa bila kuitwa.

Basi pumzika, Mjomba. Mie nakuahidi neno moja. Siku nitakayovuka Ruvuma kurudi, nitamkalisha mkeo uani, jua likiwa utosini, nimchonge huku anatazama kila pigo la tezo. Amekimbia vya kutosha kwa ajili yetu.

Mpwa wako,
Temeke